Jangwani robine inatoka, pembeni ya ziwa bidoni ni tupu: tufungue fundo la Phoenix

Ziwa letu la Kivu lina maji karibu kilomita kibe 500. Lake Mead, ambayo ndo hifadhi kubwa kuliko zote zilizojengwa Marekani, hata ikijaa mpaka juu kabisa inabeba kama 35 hivi. Yaani sisi wa Goma tunalala pembeni ya maji inayopita ile yao mara kumi na zaidi, na bado alfajiri wamama na watoto wako barabarani na bidoni za njano, wengine wamezifunga kwa chukudu, wanashuka kuchota ziwani maji ambayo kila mtu anajua inaweza kuleta kipindupindu. Na kule Phoenix, jimbo la Arizona, mji uko katikati ya jangwa, mvua ya mwaka mzima haifiki sentimita 20, mtu anafungua robine asubuhi maji inatoka, na nyuma ya nyumba nyingi kuna pisini ya kuogelea.

Ndo maana habari ikipita kwa simu kwamba Arizona maji inaisha, watu hapa wanashindwa kuelewa, wanaona ni kilio cha tajiri. Mimi nimeifuata hii mambo kwa muda mrefu na naona inatuhusu sana, juu inaonyesha wazi kitu kimoja: upungufu wa maji hauanzii mawinguni. Unaanzia kwa matiyo, kwa umeme wa kupandisha maji, na kwa makaratasi ya kugawana. Na jua kali vilevile, halipigi watu sawasawa, linafuata nani ana nyumba ya aina gani na nani anaweza kulipa fakture ya umeme.

Tuanze na mji wenyewe. Bonde la Phoenix si mahali ambapo hapakuwahi kuwa na watu, zamani sana Wahohokam walilima pale, walichimba mifereji kwa mikono, mamia ya kilomita, wakatoa maji kwenye mto Salt wakanywesha mashamba katikati ya jangwa, halafu karibu na mwaka 1450 wakatawanyika. Walowezi waliofika miaka ya 1860 walikuta alama za ile mifereji na walichofanya mwanzoni ni kufukua mingine ya zamani na kuitumia tena. Mwaka 1911 bwawa la Roosevelt likamalizika juu ya mto Salt, na kuanzia hapo bonde likawa la kilimo, pamba, machungwa, majani ya ng'ombe. Mji ulikuwa mdogo. Mwaka 1950 ulikuwa na watu 107,000 hivi, kartie mbili tatu za Goma zinawameza. Mwaka 2020 walihesabu milioni 1.6, na ukiweka na miji iliyoshikana nayo, Mesa, Scottsdale, Tempe, Glendale na mingine, wanakaribia milioni 5.

Kilichofungua mlango ni klimatizeri. Bila mashine ya kupoza hewa hakuna mtu angehamisha familia kutoka kwenye baridi ya kaskazini aje kukaa mahali ambapo Julai inapita nyuzi 40. Vita ya pili ya dunia ilipoisha hizo mashine zikashuka bei, kiwanja kilikuwa cha bei ndogo, viwanda vikaja, wastaafu wakaja kutafuta jua la Desemba, na nyumba zikaanza kusambaa chini chini, si za kwenda juu, kila moja na gari yake, parkingi yake, barabara pana ya gudroni mbele yake. Kumbuka hiyo gudroni, tutairudilia.

Sasa maji ya milioni 5 inatoka wapi? Sehemu inatoka mto Salt na mto Verde huko karibu, sehemu inatoka chini ya ardhi, na sehemu kubwa inatoka mbali, mto Colorado, kwa mfereji unaoitwa Central Arizona Project. Huo mfereji ujenzi ulianza 1973 ukachukua miaka karibu 20, una urefu wa kilomita 540 hivi mpaka kufika kusini ya Tucson, na kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba maji ndani yake inapanda. Toka ziwa Havasu mpaka mwisho wa safari inapandishwa zaidi ya meta 800, kwa mapompi makubwa. Hebu fikiria kazi ya kutoa maji ya Kivu na kuisukuma juu mpaka karibu nusu ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, usiku na mchana, miaka na miaka. Umeme wa kufanya hivyo ni mwingi mno, huo mradi ndo mteja mkubwa kuliko wote wa umeme katika Arizona nzima.

Na huo umeme ulitoka wapi? Miaka mingi ulitoka kwenye kiwanda cha kuchoma makaa ya mawe kilichokuwa kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa kaskazini ya Arizona, mpaka kikafungwa 2019. Makaa ya kwao, moshi kwao, nyaya za umeme juu ya vichwa vyao, na familia nyingi za Wanavajo mpaka leo hazina tiyo ndani ya nyumba, wanabeba maji kwa gari toka mbali. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba serikali haina lazima ya kuchukua hatua za kuwatafutia hiyo maji. Kwa mtu wa Kivu hii haihitaji maelezo, tunajua vizuri nyaya zinazopita juu ya kijiji chenye giza.

Tuje kwenye karatasi, juu hapa ndo shida yote ilizaliwa. Novemba 1922 wajumbe wa majimbo saba yanayotumia mto Colorado walikutana Santa Fe, mkutano uliongozwa na Herbert Hoover, huyu ambaye baadaye alikuwa rais, wakagawana mto. Majimbo ya juu, Colorado, Wyoming, Utah na New Mexico, yakapewa bilioni 9.2 za meta kibe kwa mwaka. Ya chini, Arizona, California na Nevada, yakapewa vilevile bilioni 9.2. Mexico, ambako mto unaishia, haikuwepo mezani, iliongezwa kwa mkataba wa 1944, bilioni 1.85. Wenyeji kama Wanavajo hawakuitwa kabisa. Ukijumlisha yote unapata zaidi ya bilioni 20 kila mwaka, na hesabu hiyo iliegemea miaka ambayo mvua na theluji zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Mto wenyewe haukuwahi kuwa na nguvu hiyo siku zote. Na tangu mwaka 2000 unaleta kama bilioni 15.

Yaani waligawa ugali ambao haujaiva, na kila mtu akaenda kujenga mji juu ya sahani yake ya kwenye karatasi.

Kwa nini mto umepungua? Maji yake ni theluji ya milima ya Rocky, inajikusanya wakati wa baridi halafu inayeyuka pole pole. Joto likipanda, sehemu ya theluji inakuja kama mvua, udongo mkavu unakunywa ya kwanza, miti inakunywa zaidi, jua linakausha ingine kabla haijafika mtoni, kwa hiyo hata mwaka wenye theluji ya kawaida mto unatoa kidogo. Wataalamu waliosoma pete za miti ya zamani walipata kwamba miaka ya 2000 mpaka 2021 ndo ilikuwa mikavu zaidi upande huo katika miaka 1,200. Kufika Julai 2022 Lake Mead, ambamo maji ya huo mto inahifadhiwa, ilibaki na kama asilimia 27 ya maji yake, haijawahi kushuka hivyo tangu ilipojazwa miaka ya 1930, ukitazama picha unaona mwamba wote umebaki na mstari mweupe mahali maji ilikuwaga. Na mto Colorado wenyewe, miaka mingi sasa, kwa kawaida haufiki baharini. Unakauka Mexico.

Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza upungufu rasmi kwa mara ya kwanza katika historia ya huo mto. Nani alikatwa wa kwanza? Arizona. Juu mwaka 1968, ili California ikubali ule mfereji ujengwe, Arizona ilisaini kwamba maji ya mfereji itakaa mwisho wa foleni. Mwaka 2022 ilipoteza asilimia 18 ya fungu lake la Colorado. Na hata hivyo katika mji wa Phoenix hakuna robine iliyokauka. Waliopigwa ni wakulima wa Pinal, kati ya Phoenix na Tucson, wengine wakaacha sehemu ya mashamba bila kulima, wengine wakarudi kwenye kisima.

Hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza na naona ndo linafungua fundo. Zaidi ya asilimia 70 ya maji ya Arizona inaenda kwa kilimo, si kwa watu wa mjini. Na kwa hesabu za jimbo, Arizona leo inatumia maji kidogo kuliko mwaka 1957, hata kama watu wameongezeka karibu mara saba. Inawezekana vipi? Juu nyumba zilijengwa kwenye mashamba. Hekta moja ya majani ya ng'ombe katika jangwa inakunywa kuliko hekta moja ya nyumba za watu. Kila shamba lililogeuka kartie, maji ilibaki. Kwa hiyo mtu anayesema mji umekua ndo maana maji imeisha anarahisisha sana.

Lakini tazama upande wa pili wa hiyo biashara. Shamba lenye maji linapoza hewa, maji ikiwa inageuka mvuke inachukua joto na kwenda nalo, na usiku udongo wake unapoa haraka. Ukilitoa shamba ukaweka gudroni, sima na paa, umehifadhi maji lakini umeleta joto. Gudroni na beto vinakunywa jua mchana kutwa, halafu jua likizama vinalitoa pole pole kama mbabula ambayo moto umezimika lakini huwezi kuigusa. Ongeza magari. Ongeza klimatizeri zenyewe, juu klimatizeri haiui joto, inalitoa ndani na kulitupa nje, barabarani, kwa mtu anayengoja basi. Mchana wa Julai gudroni ya Phoenix inapita nyuzi 70, kuna watu wanaanguka tu barabarani na wanafika lopitali na ngozi imeungua.

Kwa hiyo mji uliokwepa kiu ulitembea moja kwa moja kwenye moto, na kutoka kwenye huo moto unahitaji miti, na miti inahitaji maji. Hapo ndo vitu vitatu, kukua kwa mji, jua na maji, vinashikana. Ukivuta kamba moja, ingine inakaza.

Namba za jua zenyewe: Phoenix ilishawahi kufika nyuzi 50, Juni 1990. Mwaka 2023, kuanzia mwisho wa Juni mpaka mwisho wa Julai, siku 31 mfululizo zilifika nyuzi 43 au kupita. Mwaka 2024 siku 113 mfululizo zilipita karibu 38. Kwetu Goma tuko kwenye urefu wa meta 1,500, siku ikifika 28 tunasema jua limekuwa kali, kwa hiyo 43 ni vigumu hata kuiwaza. Lakini mchana siyo ndo unaua zaidi. Ni usiku. Tarehe 19 Julai 2023 saa ya baridi kuliko zote, ile ya alfajiri, ilikuwa nyuzi 36. Mwili wa mtu unafanya kazi ya kujipoza mchana, moyo unapiga mbio kusukuma damu kwenye ngozi, jasho linatoka, na usiku ndo unapumzika. Usiku ukiwa na joto la mwili wenyewe hakuna mapumziko, siku ya pili unaanza umechoka, ya tatu zaidi, na wazee wenye moyo dhaifu wanaanguka. Feni peke yake haisaidii sana, juu hewa ikiwa na joto kupita ngozi, feni inakusukumia joto. Hata zile kaktusi ndefu za saguaro, mmea wa jangwa kabisa, mwaka 2023 zilianza kuvunjika mikono na kuanguka, juu nazo zinapumua usiku na usiku ulikataa kupoa.

Mwaka huo huo wilaya ya Maricopa, ambamo Phoenix iko, ilihesabu vifo 645 vya joto. Mwaka 2024 zaidi ya 600 tena. Karibu nusu ya waliokufa 2023 walikuwa watu wasio na nyumba, wanaolala nje. Kati ya waliofia ndani, wengi klimatizeri ilikuwepo ukutani, lakini imekufa, au imezimwa. Inaniuma kila nikisoma hiyo. Wengi ni wazee wanaoishi peke yao, wengine katika zile nyumba za bati zinazokokotwa na gari, ambazo zinashika joto vibaya. Mwaka 2018 mama mmoja wa miaka 72 alikatiwa umeme siku ya joto kali kwa deni lililobaki kama dola 51, akakutwa amekufa nyumbani kwake. Baada ya kelele kubwa, wakubwa wa jimbo waliweka katazo kwa makampuni makubwa ya umeme kukatia watu umeme wakati wa jua kali kwa sababu ya deni. Dola 51. Hapo hakuna swali la hali ya hewa tena, ni swali la nani aliamua kukata waya.

Ndo maana nasema Phoenix imekuwa mji unaopumua kwa umeme. Watafiti walifanya hesabu mwaka 2023: umeme wa mji wote ukikatika siku mbili katikati ya wimbi la joto, halafu urudi pole pole, karibu watu 800,000 wangehitaji huduma ya haraka ya lopitali na zaidi ya 13,000 wangekufa. Hiyo ni hesabu ya kompyuta, haijatokea, lakini inaonyesha uzi mwembamba kiasi gani. Na umeme wenyewe unataka maji: bwawa la Hoover, lile linaloshika maji ya Lake Mead, linatoa umeme kidogo kila Lake Mead ikishuka, na Palo Verde, kituo kikubwa cha nyuklia nje ya Phoenix, kinapozwa na maji machafu ya miji, yaliyosafishwa, juu hakuna mto wala ziwa karibu. Kwa kweli hii ya Palo Verde ninaipenda, maji ya vyoo inafanya kazi mara ya pili.

Hawajakaa mikono mitupu. Tangu 1980 kuna sheria, ukitaka kujenga kartie mpya upande wa Phoenix lazima uonyeshe kwanza kwamba maji ya miaka 100 iko. Juni 2023 gavana Katie Hobbs alitangaza kwamba hesabu ya maji ya chini ya ardhi haitoshi tena, na kartie mpya zinazotegemea visima tu hazitapewa ruhusa. Mwaka 2021 mji ulianzisha ofisi ya kushughulikia joto peke yake, wanapaka barabara rangi ya kijivu nyepesi inayorudisha jua, wanapanda miti, wanafungua vyumba vya baridi mpaka usiku. Shida ni kwamba kivuli kinafuata pesa: kartie za matajiri zina miti mikubwa, za watu wa kipato kidogo zina gudroni tupu, na tofauti ya joto kati yao unaisikia kwa ngozi.

Na kuna mahali ambapo maisha yao yalifanana kabisa na yetu. Rio Verde Foothills, nyumba nzuri nje ya Scottsdale, zilijengwa chache chache kupitia mwanya wa ile sheria, bila tiyo, maji ikiletwa na kamio za siterne. Januari 2023 Scottsdale ilifunga bomba la hizo kamio, ikisema maji ni ya wakaaji wake kwanza, na kama nyumba 500 zikabaki bila maji ya uhakika. Watu wenye nyumba za bei kubwa wakaanza kukinga mvua, kula kwa sahani za karatasi ili wasioshe, kumwaga choo kwa ndoo.

Sasa Goma. Mvua yetu kwa mwaka inapita meta moja, lakini mji umekaa juu ya makoro, yale mawe ya lava, maji ya mvua inapotelea chini kwenye nyufa, hatuna mto ndani ya mji, na kuchimba mtaro wa tiyo katika lava ni kazi ya kuvunja mwamba kwa nyundo. Kila tone la robine lazima litoke ziwani na lipandishwe kwa pompi, kama kule Arizona, na pompi inataka umeme. Mei 2021 lava iliharibu hifadhi kubwa ya maji upande wa Buhene. Januari 2025 vita ilipoingia mjini, umeme ulikatika na maji ikakatika nayo, watu wakarudi ziwani na bidoni. Na kabla ya hapo mji ulikuwa umeongezeka haraka, waliokimbia vita walijaza makambi ya Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, na matiyo hayakuongezeka kwa mwendo huo.

Kwa hiyo Phoenix ina mabwawa, mapompi, sheria na mahakama, lakini mto unapungua. Sisi mto wetu ni ziwa zima, halijapungua, kinachokosekana ni vyote vingine. Na joto linakuja kwetu pia taratibu: kartie za Goma sa hivi ni bati na makoro meusi, na jiwe jeusi linashika jua sawasawa na gudroni. Miti ndani ya viwanja inakatwa kwa makala na kwa nafasi ya kujenga. Hatutafika 43, lakini mtoto anayelala chini ya bati bila dari anajua mchana wa Agosti ukoje, na mti mmoja wa avoka uani unabadilisha chumba kizima bila kuomba umeme wala fakture.

Kwa upande wa Colorado, masharti ya 2007 yanayosema nani apunguze kiasi gani Lake Mead ikishuka yanafika mwisho mwaka 2026. Majimbo ya juu yanasema hatujawahi kutumia fungu letu lote, kwa nini tukatwe. Ya chini yanasema sisi tayari tumekata, ninyi je. Mexico inangoja, na wenyeji safari hii wanadai kiti mezani, wengine wakiwa na haki za zamani kuliko mji wowote: jamii ya Gila River, ambayo mto wake ulichukuliwa na walowezi katika karne ya 19, ilirudishiwa maji kwa mapatano ya 2004 na sasa ndo yenye fungu kubwa kuliko wote katika ule mfereji, mpaka miji inakuja kwao kukodisha. Foleni lakini haijabadilika. Mfereji wa Arizona bado uko mwisho, na kila meta Lake Mead inayoshuka, wa kwanza kukatwa ni wao.